Deni la Msomi: Wanafunzi, Mwalimu na Mgogoro wa Oktoba 1966

Mpango ulikuwa hivi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo alitakiwa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) miaka miwili. Miezi kama mitano angeishi kambini, akipiga kwata na kushika jembe. Miezi 18 angefanya kazi ya fani yake, mwalimu darasani na daktari wodini, ila kwa asilimia 40 ya mshahara. Asilimia 60 ingebaki serikalini. Aliyepewa kazi ya kuutetea mpango huo mbele ya vijana alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam. Wengi walitoka Chuo Kikuu pale Mlimani, na wengine vyuo vya jijini. Mabango yao yalikuwa ya Kiingereza, na mojawapo lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akawaacha wasome tamko lao mpaka mwisho. Tamko lilimalizia kwa kusema kwamba kama masharti hayatabadilika, na kama viongozi hawatabadili namna wanavyowatazama wanafunzi, basi miili yao itakwenda JKT lakini roho zao zitabaki nje, na vita kati ya wakubwa wa siasa na wakubwa wa elimu havitakwisha.

Mwalimu alijibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alisema amewaelewa, na hatamchukua mtu yeyote JKT ambaye roho yake haiko huko. Akageukia mishahara. Akailaani, yake ikiwa ya kwanza, akasema yeye na wao wote ni tabaka moja la wanyonyaji, na kwamba kila mtu nchini anadai pande lake la nyama isipokuwa mkulima maskini. Mshahara wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi akaupunguza kwa asilimia 20 papo hapo. Kisha akawaambia wanafunzi waende kwao. Chini ya ulinzi wa polisi walirudishwa kufungasha, wakasafirishwa hadi mikoani kwa wazazi wao.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya wazee wa TANU, chama tawala cha wakati huo: wasomi walafi walisahau walikotoka, Baba wa Taifa akawatia adabu. Ya pili ni ya wapenda haki za binadamu: vijana walipeleka malalamiko kwa amani, wakafukuzwa chuo bila kusikilizwa rufaa. Zote mbili zina ukweli, na zote mbili zinaruka jambo lenyewe. Siku ile pale Ikulu palikuwa na mabishano halisi juu ya haki katika nchi inayotaka kuwa ya kijamaa: aliyesomeshwa kwa fedha za umma anadaiwa nini, na nani, na nani mwingine anadaiwa pamoja naye. Kila upande ulikuwa na hoja nzito kuliko unavyokumbukwa, na kila upande uliacha tundu kubwa.

Madai ya wanafunzi

Bango la ukoloni liliwaharibia. Baada ya kulisoma, hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia mengine. Ila ukilitoa bango hilo na ukautoa pia ujeuri wa lugha ya tamko, yanabaki mambo matatu ya kujibiwa.

La kwanza ni kwamba mzigo uliwekwa kwa tarehe. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu uhuru, na naizesheni, yaani kuwapa wananchi nafasi zilizoshikwa na Wazungu, ilikuwa imewapandisha vijana ngazi kwa kasi ambayo haijaonekana tena. Waliomaliza masomo miaka michache kabla walikuwa tayari makatibu wakuu, wakurugenzi, mabalozi, nao walisomeshwa na umma uleule. Hakuna aliyewaambia waache asilimia 60 ya mishahara yao kwa miezi 18. Kama deni ni la kusomeshwa, kwa nini lianze kwa waliobaki darasani mwaka 1966? Wanasiasa nao, ambao wengi hawakufika hata kidato cha sita, walikuwa na nyumba za serikali na magari, na neno “wabenzi”, la kuwakejeli wakubwa wenye magari ya Benzi, lilikuwa limeshaingia mitaani. Wanafunzi walipozungumzia vita kati ya wakubwa wa siasa na wakubwa wa elimu walikuwa wanajipa cheo, ni kweli, lakini walikuwa pia wanasema kwamba anayetunga sheria ya kujinyima hajinyimi.

La pili, msomi hulipa kwa kazi yake. Daktari akipelekwa Mahenge au Sumbawanga, mwalimu wa sayansi akipangiwa shule isiyo na maabara, amekwisha kuanza kurudisha. Serikali ndiyo karibu mwajiri pekee wa watu hawa, inapanga kituo na inapanga mshahara. Ikishapanga hayo, halafu ikate tena zaidi ya nusu, kijana anaona analipishwa mara mbili.

La tatu linahusu hiari. JKT ilianzishwa Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea, na waliojitolea walikuwa zaidi wale walioishia shule ya msingi wasio na kazi. Wasomi hawakwenda. Serikali ilitafsiri kutokwenda kwao kuwa dharau, ikaamua kuwalazimisha. Wanafunzi waliuliza kama moyo wa kujenga taifa unaweza kuamriwa kwa sheria. Swali hilo waliliuliza kwa kiburi, lakini Mwalimu mwenyewe alilikubali alipotamka kwamba hataki mtu ambaye roho yake haipo. Alilikubali kwa kuwafukuza, jambo ambalo ni namna ya ajabu ya kukubaliana na mtu.

Tundu lao liko wapi? Walizungumza kana kwamba mshahara kamili ulikuwa haki yao ya asili, na kilichokatwa kilikuwa chao. Lakini mshahara huo ulitoka wapi?

Ngazi za mishahara zilizokuwapo mwaka 1966 zilirithiwa kutoka serikali ya kikoloni. Zilitungwa kwa ajili ya Mwingereza aliyevuka bahari, mwenye familia ya kutunza, likizo ya kwao na watoto wa kusomesha bweni. Mwafrika aliposhika kiti cha Mzungu alishika na bahasha yake. Wakati wa uhuru jambo hilo lilionekana ni usawa, na kweli lilikuwa usawa wa aina fulani: kazi ileile, malipo yaleyale, bila kujali rangi. Ila lilimweka msomi wa Kitanzania mbali na baba yake mzazi kwa umbali ambao hakuna uchumi wa nchi hii ungeweza kuuhalalisha. Mwalimu alipoandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alieleza kwamba wakati wa uhuru uwiano wa mshahara wa juu serikalini na kima cha chini, baada ya kodi, ulikuwa kama 50 kwa 1.

Siku ile Ikulu alitaja kiasi ambacho wanafunzi walikiona sawa na kifungo: pauni 380 kwa mwaka. Ni shilingi 7,600, yaani kama 630 kwa mwezi. Kima cha chini cha mfanyakazi wa Dar es Salaam miaka hiyo kilikuwa shilingi 150. Kwa hiyo hata baada ya kukatwa asilimia 60, mhitimu angepata zaidi ya mara nne ya mbeba mizigo wa Kariakoo, ambaye kwa upande wake alikuwa na fedha taslimu nyingi kuliko mkulima wa pamba kule Usukuma. Kilichokuwa kinakatwa, kwa sehemu kubwa, kilikuwa ile tofauti aliyoiacha Mwingereza. Wanafunzi hawakuligusa hilo hata kidogo, na nadhani ndilo lililomtoa Mwalimu machozi ya hasira kuliko bango lolote.

Madai ya Mwalimu

Yeye alikuwa amelisema jambo lake miaka miwili kabla, mwaka 1964. Kijana aliyepelekwa chuo, alisema, ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti.

Mfano huo ni mkali na una mantiki yake. Kwenye Elimu ya Kujitegemea, iliyotoka Machi 1967, Mwalimu alieleza kwamba katika waliomaliza shule ya msingi ni asilimia 13 tu waliopata nafasi ya sekondari. Na wengi hawakuwa wamefika hata hiyo shule ya msingi. Karo ya sekondari ilikuwa imefutwa tangu 1964, chuo kikuu mwanafunzi alilala, alikula na kusoma kwa gharama ya serikali. Fedha hizo zilitoka kwenye katani, kahawa na pamba. Mtoto wa mkulima aliyekosa nafasi hakupata kitu kingine badala yake. Kwa lugha ya leo tungesema matumizi ya umma yalikuwa yamemwagwa kwa wachache mno, na jamii yoyote inayofanya hivyo ina haki ya kuuliza itarudishiwa nini.

Tuongeze hali ya mwaka wenyewe. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Wazungu wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa. Februari 1966 Rais Nkrumah wa Ghana alipinduliwa na jeshi lake. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari 1964 yalikuwa bado mabichi kichwani. Serikali ilikuwa inatafuta fedha na inatafuta uaminifu kwa wakati mmoja, na JKT ilionekana kutoa vyote viwili. Hapo ndipo sheria ilipochanganya mambo. Kama lengo lilikuwa kurudisha gharama ya masomo, kiasi cha kukatwa kingelingana na gharama hiyo: aliyesoma udaktari miaka mingi alipe zaidi ya aliyeishia kidato cha sita. Kama lengo lilikuwa kujenga moyo wa uzalendo, hakukuwa na haja ya kugusa mshahara. Na kama lengo lilikuwa kupunguza tofauti ya mapato nchini, dawa yake ni kodi na ngazi mpya za mishahara kwa wote, si kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu peke yake. Asilimia 60 kwa miezi 18 haikufuata kipimo chochote kati ya hivi vitatu. Ilikuwa namba ya kubuni tu.

Mwalimu aliliona tatizo hilo palepale. Ushahidi wangu ni kile alichokifanya kwa mshahara wake. Mtu anayeamini kwamba mpinzani wake hana hoja hajikati asilimia 20 mbele yake. Baada yake mawaziri na maofisa wakubwa nao wakapunguziwa. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Lilikuwa na mizizi mingi, na mgogoro wa Oktoba ni mmojawapo tu. Hata hivyo, soma masharti ya uongozi yaliyomo: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo ni jibu la moja kwa moja kwa lalamiko la kwanza la wanafunzi. Wao walikuwa Geita, Moshi na Songea wakilima na wazazi wao huku hoja yao ikiandikwa kwenye waraka muhimu kuliko yote ya chama. Jina lao halimo, bila shaka.

Niseme wazi ninapoegemea. Juu ya deni, Mwalimu alikuwa sahihi. Juu ya nani alipe, wanafunzi walikuwa sahihi, na yeye alilithibitisha kwa vitendo. Juu ya kuwafukuza, hakuna namna ya kulipamba. Watu 400 walipoteza karibu mwaka mzima wa masomo katika nchi iliyokuwa na njaa ya madaktari na walimu, kwa kosa la kusoma tamko. Vijana wa TANU waliandamana kuunga mkono adhabu, magazeti yakashangilia, na hakuna mtu wa maana aliyesimama kusema kwamba kijana mwenye kiburi bado anaweza kuwa na hoja. Wengi walirudishwa chuoni mwaka 1967 baada ya kuomba radhi. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye miaka karibu 40 baadaye aliketi kwenye kiti cha Spika wa Bunge. Chuo chenyewe kiligeuka. Kizazi kilichofuata kilisoma Marx na kumkosoa Mwalimu kutoka upande wa kushoto, kikisema ujamaa wake hautoshi. Adhabu ya 1966 ilifanya kazi, kama kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha hakuna msomi atakayedai maslahi yake kwa jina la maslahi yake.

Mtu ambaye hakuwa Ikulu

Mwalimu alisema mkulima hawezi kudai pande lake la nyama kwa sababu hajui lugha ya kudaia. Mabishano yote ya siku ile yalikwenda kwa Kiingereza. Mkulima alitajwa na upande mmoja na akasahauliwa na mwingine, lakini pande zote mbili zilikuwa zinakula kutoka kwake.

Azimio la Arusha lina sehemu juu ya jambo hili ambayo husomwa kidogo kuliko ile ya kutaifisha mabenki, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Inasema mikopo ya kujenga hospitali, barabara za lami na viwanda itatumika zaidi mijini, lakini itarudishwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya wakulima. Kwa hiyo, linaonya, tusipoangalia wanyonyaji wa kweli wa wakulima watakuwa sisi wakaaji wa mijini. Ni nadra chama tawala kuandika hivyo juu yake chenyewe.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 60. Ilikuwa inachukuliwa kwa jina la mkulima. Ingekwenda wapi? Hazina. Na Hazina ilikuwa inapeleka wapi fedha zake? Kwa maneno ya Azimio lenyewe, mijini. Kama nia ilikuwa kumlipa aliyetoa chakula chake, hapakuwa na mfereji wowote wa kukifikisha kijijini. Ningependa wanafunzi wangeuliza hilo. Lingekuwa swali gumu kuliko yote, na lisingewachafulia jina.

Hili ndilo tatizo ninaloliona katika mabishano mengi ya haki ya ujamaa, ya jana na ya leo. Upande wa serikali husema “umma umekusomesha, umma unakudai”, na ghafla serikali na umma vinakuwa kitu kimoja. Mkulima ndiye anayedai, lakini mwenye daftari la madeni ni ofisa. Upande wa pili hujibu kwamba mtu ale jasho lake, kana kwamba jasho la msomi halikuchanganyika na la mtu mwingine tangu darasa la kwanza. Wote wawili humtumia mkulima kama shahidi ambaye haitwi mahakamani.

Na alipoitwa, aliitwa kwa amri. Vijiji vya Ujamaa vilianza kwa hiari. Ilipofika Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na miaka iliyofuata mamilioni walihamishwa. Mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Hakuna aliyekwenda Ikulu na tamko, na hakuna kiongozi aliyejikata asilimia 20 kwa ajili yao. Ukilinganisha, wanafunzi wa 1966 walitendewa kama watu ambao neno lao lina uzito: walisikilizwa hadi mwisho, wakajibiwa na Rais mwenyewe, wakapewa tiketi za kurudi kwao.

Haki inadai niseme na upande mwingine wa miaka hiyohiyo. Karo ya shule za msingi ilifutwa 1973, elimu ya msingi kwa wote (UPE) ikafuata 1977, zahanati na visima vikafika sehemu ambazo mkoloni hakuwahi kupaangalia. Uwiano wa mishahara ambao ulikuwa kama 50 kwa 1 ulishuka hadi kama 9 kwa 1 katikati ya miaka ya 1970. Kwa kipimo cha nani anapata nini, mfereji ulichimbwa mwishowe. Ubora wa maji yaliyopita humo ni mada nyingine, na walimu wa UPE wanaweza kuieleza kuliko mimi.

Hesabu ya sasa

Nimeupigia hesabu mzigo wa 1966, kwa sababu unasaidia kuona mbele. Asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 ni sawa na mshahara kamili wa miezi 10.8. Weka hiyo pembeni.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kuanzia 2005 mwanafunzi anayepata fedha za serikali anazipata kama mkopo. Vijana wanaziita bumu zinapoingia, na wanaziita majina mengine makato yanapoanza. Marekebisho ya 2016 yaliweka makato kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yaliwafikia hata waliosaini zamani kwa kiwango cha chini zaidi, na walilalamika kwamba masharti ya mkataba yamebadilishwa mtu akiwa katikati ya safari. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021.

Kwa makato ya asilimia 15, miezi 10.8 ya mshahara inafikiwa baada ya miezi 72, yaani miaka sita. Wapo wanaokatwa zaidi ya hapo. Ina maana mhitimu wa leo anaweza kurudisha kiasi kilekile, au kikubwa zaidi, cha mshahara wake kuliko kile kilichowatoa watu Mlimani hadi Ikulu. Na tofauti na yule wa 1966, hana uhakika wa ajira. Anayekatwa ni yule aliyebahatika kuipata. JKT nayo ilirudi mwaka 2013, baada ya kusitishwa tangu 1994, kwa wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa “mujibu wa sheria”. Hakuna anayekatwa mshahara humo kwa kuwa hakuna mwenye mshahara.

Mbona hakuna mgogoro wa ukubwa ule? Sehemu ya jibu ni kwamba mkopo ni haki zaidi kuliko sheria ya 1966, na sioni aibu kusema hivyo ingawa moyo wangu uko na Mwalimu. Kiasi kinajulikana. Aliyepewa kidogo analipa kidogo. Deni lina mwisho. Aliyelipiwa na mzazi wake hakatwi. Vipimo vyote ambavyo asilimia 60 ilivikosa, mkopo unavyo, angalau kwenye karatasi. Mkopo pia humtenga mtu na wenzake. Kila mmoja ana namba yake na salio lake, na ni vigumu kuandamana kwa ajili ya salio.

Lakini kuna nusu moja ya kisa cha 1966 ambayo mkopo hauna kabisa, ile ya kiongozi kuingia kwenye hesabu. Hapo historia ina tarehe zake. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Mwanachama aliruhusiwa kupokea mshahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba, kumiliki hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni. Wenye kumbukumbu huliita Azimio la Zanzibar. Mwaka uliofuata, 1992, serikali ilianza rasmi utaratibu wa wanafunzi wa elimu ya juu kuchangia gharama. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake za kiuchumi, hazina ilikuwa tupu na wahisani walikuwa mlangoni, na sidai kwamba mmoja ulizaa mwingine. Ninachosema ni kwamba mapatano ya 1967 yalikuwa na pande mbili, msomi alipe na mkubwa ajinyime. Upande wa mkubwa ulifutwa kwanza, kimya kimya, kwenye kikao cha ndani cha chama. Upande wa msomi ulibaki, ukaongezwa, ukatungiwa sheria na bodi ya kuusimamia.